Mounira Aliyeiga Sauti ya Maalim

Kila siku baada ya shule, Mounira alirudi nyumbani, akavua sare, akala chakula alichofunikiwa kwa sahani, kisha akajifunga mtandio na kukimbia chuoni. Chuo hicho cha Kurani kilikuwa chumba cha matofali mekundu nyuma ya msikiti wa mtaa wao, pale Kasongo. Kilikuwa na paa la mabati, mikeka sakafuni, na ubao mweusi uliopasuka pembeni. Wasichana waliketi upande wa dirisha, wavulana upande wa mlango. Mwalimu wao alikuwa Maalim Faradji.

Zamani Maalim Faradji alikuwa na sauti iliyofika mpaka sokoni. Alipoadhini alfajiri, hata wenye baiskeli waliobeba madumu ya mafuta ya mawese walisimama kidogo kumsikiliza. Lakini mwaka uliopita, baada ya Idi, alianguka uani kwake, na alipoinuliwa upande mmoja wa mwili, pamoja na uso, ulikuwa umekufa. Mdomo ulipinda. Midomo yake haikukutana tena, na midomo isipokutana kuna sauti zinazokataa kutoka: *b* haitoki, *m* haitoki, wala *p*. Aliposema “maji” watu walisikia “aji”. Aliposema “baba”, ilisikika “a-a” tu.

Hata hivyo hakuacha kufundisha. Alikuja na fimbo yake, akaketi kwenye kiti kifupi mbele ya watoto, na kila siku aliwaomba neno lile lile: wamtazame usoni anaposema. Aliyemtazama na kusubiri amalize, alimwelewa. Zakaria, mvulana aliyekaa mbele kabisa, alimwelewa vizuri sana, na mara nyingi ndiye aliyewarudilia wenzake yale Maalim aliyosema.

Mounira hakuhitaji kumtazama. Yeye alikuwa na masikio makali kuliko wote, na ulimi wa kuiga kila kitu. Aliiga mbuzi anayechinjwa, aliiga pikipiki inayogoma kuwaka, aliiga shangazi yake anapogombana na muuza samaki. Na tangu Maalim alipopinda mdomo, Mounira alikuwa amepata mchezo ulioshinda yote. Aliuvuta mdomo wake pembeni, akaulegeza mkono kama kitambaa, akaburuta mguu, kisha akatoa maneno ya Maalim, silabi kwa silabi, na mikoromo yake na mate yake. Wenzake walicheka mpaka wakajishika matumbo. Kila kicheko kilimnogea kama mua.

“Hujafa hujaumbika,” mama yake alimwambia siku moja alipomkuta uani. “Mutu akicheka kilema ya mwenziwe, iko anajitafutia.”

“Ni mchezo tu, mama.”

Siku nyingine Maalim mwenyewe aligeuka ghafla kutoka ubaoni akamkuta mdomo umepinda. Maalim alimtazama Mounira kitambo, akatoa leso, akafuta mate kidevuni mwake, kisha akaendelea na somo. Hakumchapa. Mounira alijiona ameshinda.

Kisha mvua kubwa ikanyesha kutwa kucha. Siku iliyofuata Zakaria hakuwapo, kwani alikuwa amekwenda Kabambare na mjomba wake. Maalim Faradji alichelewa. Alipoingia, pindo la kanzu yake lilikuwa limejaa matope, na alikuwa akihema. Hakuketi. Hakuandika kitu ubaoni. Alianza kusema akiwa bado mlangoni.

Somo lilikuwa la maji ya udhu. Alisema kwamba maji yakibadilika rangi, au harufu, au ladha, yameharibika. Alisema mengine pia, kwa haraka, na kadiri alivyofanya haraka ndivyo maneno yalivyozidi kuvunjika. Aliinua fimbo akaonyesha dirishani, kule chini.

“Choo kie-o-oka,” alisema. “Aji ya ondeni, siteke.”

Mounira alikuwa amekaa nyuma ya msichana mwenzake, Rehema, akijificha mgongoni mwake. Papo hapo akavuta mdomo pembeni.

“Choo kie-o-oka,” akanong'ona kwa sauti ile ile. “Aji ya ondeni, siteke.”

Rehema alipasuka kwa kicheko. Wa pili akafuata, wa tatu akafuata, mpaka upande wa wavulana nao ukacheka bila kujua wanacheka nini. Maalim aliwangoja. Kicheko hakikuisha. Akarudia maneno yake, safari hii taratibu, akionyesha tena kule chini kwa fimbo. Mounira naye akaonyesha kule chini kwa mkono uliolegea. Yassine, aliyekaa karibu na mlango, alicheka mpaka akaanguka ubavu.

Jicho la Maalim lililo zima lilijaa maji. Alitazama watoto mmoja mmoja, kama anayetafuta mlango katika ukuta. Akawaambia waende nyumbani wakawaambie wazazi wao. Wao walisikia “nyumbani” tu, nalo walilielewa upesi, wakatoka mbio.

Maalim alishika njia ya kwenda kwa shefu wa avenyu, kiongozi wa mtaa wao. Hakufika. Mwenye duka la pembeni alimwona akisimama, akishika ukuta, kisha akiteremka polepole kama nguo inayoanguka kutoka kwenye kamba. Wanaume walimbeba mpaka kwake. Alikuwa hai, lakini sasa hata yale maneno yaliyovunjika yalikuwa yamemtoka. Watoto waliposikia, walisema “masikini!” na kuendelea na njia yao.

Jioni ile Mounira alichukua bidoni la manjano, dumu lao la maji, akateremka kwenye chemchemi ya bondeni. Kwao hapakuwa na haja ya maji; pipa chini ya bati lilikuwa limejaa maji ya mvua. Alikwenda kumtekea jirani yao, Mama Apolline, aliyekuwa amejifungua siku chache tu zilizopita. Mume wake alikuwa mbali, Salamabila, akichimba dhahabu. Mama Apolline alikuwa Mkristo na kina Mounira Waislamu, lakini ua uliogawanya nyumba zao ulikuwa na pengo la kupitisha sahani, na hakuna aliyewahi kuliziba.

Chemchemi ilitiririka kutoka kwenye bomba fupi chini ya mwinuko. Watu wa mtaa waliisifu: maji yake meupe, baridi, hayajawahi kumdhuru mtu. Mounira alipofika, maji yalikuwa meupe kama siku zote. Juu kwenye mteremko, nyuma ya vichaka, udongo ulikuwa umeporomoka, lakini nani angetazama huko? Wenzake walikuwapo wakingoja zamu zao.

“Fanya Maalim!” walimwomba.

Akafanya. Alisimama juu ya jiwe la chemchemi, mdomo pembeni, akaonyesha maji yanayotoka kwenye bomba. “Aji ya ondeni, siteke!” Walicheka wakiteka.

Mama Apolline alimpokea kwa shukrani. “Mungu akubariki, mutoto yangu. Miye na huyu kichanga hatuwezi kuteremuka kule.”

Sarah-Grâce, binti yake wa kwanza, alikuwa bado hajaanza shule. Alimpenda Mounira kuliko pipi, akimwita yaya, dada yake mkubwa. Alimrukia shingoni. “Yaya Mounira! Fanya yule babu!”

Mounira akamimina maji kwenye kikombe cha bati. Akakipeleka kwenye midomo ya mtoto, na kabla ya kumnywesha akavuta mdomo wake pembeni: “Aji ya ondeni, siteke.” Sarah-Grâce alicheka, akapaliwa, akanywa. Akaomba kingine. Akanywa hicho nacho.

Kesho yake Mounira aliteka tena.

Ugonjwa ulianza na mtu mzima mmoja, aliyeanguka mbele ya msikiti. Kisha watoto. Kuhara maji matupu, kutapika, macho kuzama. Kituo cha afya kilijaa, wagonjwa wakalazwa hata barazani. Muuguzi Élysée, aliyeitwa dokta na mtaa mzima, alikimbia kati ya vitanda na chupa za seromu, maji ya kutundikiwa mshipani, akiuliza kila mtu swali moja: “Mulikunywa maji ya fasi gani?”

“Ya chemchemi,” walijibu. “Lakini ile iko muzuri, dokta. Tumeikunywa tangu wazazi wetu.”

Basi wakatafuta mwingine wa kulaumu. Kulikuwa na mama mzee aliyekaanga mikate kando ya barabara. Vijana walimwendea, wakalipiga teke jiko lake, wakamwaga mafuta yake ya moto vumbini, wakamwita muuaji. Mounira alikuwa pale. Alimwona yule mama akiokota mikate yake mchangani, mmoja mmoja, akiipuliza. Hakujua kama alikuwa na kitu cha kusema.

Jioni ile Mama Apolline alipita kwenye pengo la ua akikimbia, kichanga mgongoni na Sarah-Grâce mikononi. “Mama Mounira, unisaidie! Mutoto iko anaisha!”

Mama hao wawili walikwenda pamoja, mama yake Mounira akimbeba mtoto. Usiku ule Élysée hakuupata mshipa kwa urahisi. Alichoma hapa, akachoma pale, mpaka akaupata. Asubuhi Sarah-Grâce alikuwa mwepesi kama ganda la karanga, ngozi imejikunja vidoleni kama ya bibi kizee. Mounira alipokuja alimshika mguu. Ulikuwa baridi.

“Yaya,” mtoto alisema bila kufungua macho. “Maji.”

“Mpe yaliyochemshwa na Élysée,” mama yake Mounira alisema. “Si ya bidoni.”

Wakati huo aliingia Bibi Mwamini, mke wa Maalim Faradji, akitafuta dawa ya mumewe. Alikaa chini mlangoni akijipepea kwa kanga.

“Anaendeleaje Maalim?” mtu alimwuliza.

“Toka juzi amerudiwa na sauti kidogo,” alisema. “Lakini ni neno moja tu mchana kutwa. Analia, anaonyesha dirisha, anasema ‘ondeni, ondeni’. Namwuliza, niondoe nini, mume wangu? Anatikisa kichwa, analia zaidi. Mimi simwelewi tena.”

Mounira alilisikia lile neno. *Ondeni.* Mdomo wake, uliozoea, ulijivuta wenyewe pembeni, na neno likatoka kwa sauti ya Maalim kabla hajalizuia. Mtoto mmoja kitandani akacheka. Watu wazima wakageuka kwa hasira.

Lakini Mounira hakuwa akicheza. Alilisema tena, na safari hii aliifunga midomo yake kabla ya kulianza, kama Maalim asivyoweza kuifunga.

“Bondeni,” alisema.

Élysée aliiacha chupa aliyokuwa anaitundika. “Unasema nini?”

“Maalim alisema chuoni. Siku ile alipoanguka.”

“Alisema nini? Rudilia vile vile, usipunguze.”

Basi pale, katikati ya wagonjwa, mbele ya Bibi Mwamini, mbele ya mama yake, Mounira alilazimika kuupinda mdomo kama alivyoupinda mara nyingi kwa furaha. Hapakuwa na njia nyingine. Maneno aliyabeba kwa sauti ile tu. Bibi Mwamini alijifunika uso kwa kanga.

“Choo kie-o-oka. Aji ya ondeni, siteke.”

Kisha akafunga midomo, akayasema upya, akizitia zile sauti zilizopotea, moja moja, huku akijisikia mwenyewe kwa mara ya kwanza.

“Choo… kimebomoka. Maji ya bondeni… msiteke.”

Hakuna aliyecheka. Élysée alikuwa ameshatoka. Walisikia pikipiki yake ikiwaka, ikiteremka. Aliporudi, viatu vyake vilikuwa vimejaa matope na uso wake umebadilika. Juu ya chemchemi, nyuma ya vichaka, shimo la choo lilikuwa limefumuka kwa mvua na uchafu wote ulikuwa ukishuka ardhini kuelekea kwenye bomba. Maalim aliuona siku ile alipoteremka kutia udhu kabla ya kuja chuoni.

Mama Apolline alikuwa amekaa pembeni ya kitanda. Alimtazama Mounira.

“Ulijua,” alisema.

“Sikujua, mama. Nilisema tu. Sikusikia nilichosema.”

“Ulisema kwangu, ndani ya nyumba yangu. Miye nilikuwa nimelala na mutoto, nikakusikia. Maneno yalikuwa mu kinywa chako, kikombe kilikuwa mu mukono yako.” Sauti yake haikupanda hata kidogo, na hilo lilikuwa baya kuliko makelele. “Toka hapa. Usimuguse tena.”

Mounira aliuachia ule mguu mdogo. Alitoka akakaa nje, ukutani, juani. Alasiri alisikia kilio kutoka ndani, akajua. Hakuhitaji kuambiwa.

Walimzika Sarah-Grâce kwenye makaburi ya Wakristo. Mama yake Mounira alikwenda. Mounira alikatazwa.

Shefu wa avenyu alifunga chemchemi kwa matawi ya miiba, na Élysée akapita nyumba kwa nyumba akifundisha watu kutia dawa ya klorini kwenye maji na kuyachemsha. Choo kilifukiwa, kikachimbwa kipya mbali, upande wa pili wa mwinuko. Ugonjwa ukapungua, kisha ukakoma. Wazee walimwendea yule mama wa mikate, wakamwomba radhi na kumtengenezea jiko lake. Wengi walipona, na watu walisema ni kwa sababu ukweli ulipatikana kabla hawajaisha wote. Mounira alisikia watu wakisema hivyo. Haikumsaidia.

Wenzake waliomcheka Maalim pamoja naye sasa hawakutaka kuketi karibu naye. Yassine, aliyekuwa ameanguka ubavu kwa kicheko, ndiye aliyempa jina: “Mama Kikombe.” Walimwita hivyo njiani, na wengine waliinama wakijifanya wanamnywesha mtoto. Walikuwa wameiga vizuri. Walikuwa wamejifunza kwake.

Hatimaye mama yake alimshika mkono akampeleka kwa Maalim Faradji. Maalim alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba, mto nyuma ya mgongo. Bibi Mwamini aliwafungulia mlango bila salamu, akaondoka.

“Shikamoo, Maalim,” Mounira alisema. Alikaa chini mkekani. Akainua uso, akamtazama usoni. Aliona, kwa mara ya kwanza, jinsi mishipa ya shingo inavyovimba kabla ya kila neno, na jinsi jicho linavyotangulia kulisema. Alitaka kusema kwamba anaomba msamaha. Maalim aliinua kidole: angoje.

Ilichukua muda mrefu sana. Mara nyingine neno moja lilimshinda, akapumzika, akalianza upya. Mounira alilijua neno lile kabla halijaisha, na ulimi wake ulimwasha kulimalizia, lakini hakulimalizia. Mama yake alichoka akaegemea ukuta. Nje mwadhini alianza kuadhini akamaliza. Na haya ndiyo Maalim aliyosema, kama Mounira alivyoyaelewa, si kama yalivyotoka:

“Niliposema mara ya pili, mlicheka, nikaona haya, nikanyamaza. Ilinipasa niseme mara ya tatu. Ilinipasa niandike ubaoni. Hilo ni langu, nitaulizwa mimi. Lako ni lako, siwezi kukubebea.

“Una masikio mazuri kuliko watoto wote niliowafundisha. Ulizichukua sauti zangu zote, hata mate yangu. Lakini ulibeba maganda ya karanga, karanga zenyewe ukazimwaga. Kunyamaza mbele ya mwalimu si kusikiliza. Kukariri si kusikiliza. Kusikiliza ni kujiondoa wewe katikati: njaa yako, mchezo wako, hamu yako ya kusifiwa. Unamwachia anayesema nafasi yote mpaka amalize. Hata kama anachosema hakikufurahishi. Hata kama mdomo wake ni mbovu.”

“Nifanye nini, Maalim?”

“Nenda kwa mama wa mtoto.”

“Amenifukuza. Hataki kuniona. Atanitukana.”

“Ndiyo. Basi msikilize akikutukana. Usijitetee, usilie ili akuhurumie. Msikilize.”

Siku iliyofuata, baada ya shule, Mounira alipita kwenye pengo la ua. Mama Apolline alikuwa amekaa kizingitini akitwanga sombe, majani ya muhogo, kwenye kinu kidogo, kichanga kimelala kando yake. Alipomwona, mchi ulisimama hewani.

“Umekuja kufanya nini?”

“Nimekuja kusikiliza, mama.”

Mama Apolline alimtukana. Alimwita majina ambayo Mounira hakuwahi kuyasikia kwa mtu mzima. Alimwambia kwamba angalau nyoka hachezi na mtoto kabla ya kumuuma. Mounira alisimama, mikono chini, akamtazama usoni. Kila neno liliingia, na hakulizuia lolote. Matusi yalipokwisha, Mama Apolline alianza kusema mambo mengine: kwamba Sarah-Grâce alizaliwa njiani kutoka Lusangi, mvua ikinyesha. Kwamba aliogopa kuku. Kwamba baba yake huko Salamabila bado hajajua, naye hana ujasiri wa kumtumia habari.

Alisema mpaka kichanga kikaamka na kulia. Akakichukua, akakiweka ziwani. Mounira alikuwa bado amesimama pale pale.

“Nenda,” Mama Apolline alisema bila kumtazama. “Kesho urudi. Sijamaliza.”